Mashua Iliyolala Kifudifudi

Wewe uliyefungua ukurasa huu, sogea karibu. Kama una kazi ya mikono, endelea nayo. Pepeta mchele wako, msuke mtoto nywele, nami nitakueleza polepole. Ila nakuonya mapema kwamba nina hasira. Nimekuwa nayo tangu miaka ya sitini, na sitajifanya imekwisha ili ustarehe. Hasira hiyo na tumaini langu vililelewa nyumba moja, na sijui kukusimulia kimoja nikakiacha kingine mlangoni.

Kwanza nikufundishe neno moja la Kijaluo, maana bila hilo hutaelewa kitu. Neno lenyewe ni yie. Ukimwambia mtu yie, unamwambia akubali. Kanisani, yie ni imani. Na ufukweni, yie ni mashua. Herufi ni zilezile. Mtu akilitamka akiwa ametulia, sikio la mwenyeji husikia tofauti ndogo. Akilitamka analia, hakuna atakayeisikia. Unakisia tu kwa kuangalia mahali mlipo. Mkiwa ufukweni, mashua. Mkiwa kanisani, imani. Shika hilo, tutalirudia.

Kwetu ni Seme, chini ya Kombewa, pale nchi inapoteremka mpaka majini. Miaka ile ya Uhuru ziwa lilipanda. Halikuja kwa kishindo kama mto uliovunja kingo. Lilisogea hatua mbili tatu kila wiki, kama mgeni asiyetaka kuonekana anahamia, mpaka shamba letu la mtama likawa makao ya samaki waitwao kamongo. Baba alisimama ukingoni akaangalia mashina yake yakielea, akasema hakuna neno, mashua tunayo. Baada ya miezi michache akaugua kifua, na wiki ya tatu tukamzika. Mimi, binti yake wa kwanza, nilikuwa na miaka kumi na saba. Nyuma yangu walikuwa watatu, na wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anajua kutembea bila kushika ukuta.

Sasa hapa nenda nami taratibu, kwa sababu baadhi yenu hamkukulia kwetu. Mwanamke akifiwa na mume, ilitakiwa ndugu wa mume amchukue. Tulisema anarithiwa. Kabla ya hapo alihesabiwa kuwa bado amebeba kifo, na watu hawakutaka akanyage nyumbani kwao. Na mashua nayo, pale ufukweni kwetu, ilikuwa kama mke. Ikiletwa mpya ilipokewa kwa nyimbo na chakula, kama bibi harusi. Kwa hiyo mwenyewe akifa, mashua ilibaki mjane pamoja na mjane. Mpaka mama arithiwe, mashua ya baba isingeguswa. Mtu angeiingiza majini, watoto wa ukoo wangepatwa na chira, ule ugonjwa wa kukonda na kwisha unaowashukia waliovunja mila. Basi wakaigeuza, wakailaza kifudifudi mchangani.

Na mama akakataa kurithiwa.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa amefanya kazi bandarini Kisumu, na akitaka kutuonyesha yeye ni nani alisema Kiswahili. Alikuja akasimama uani mikono nyuma.

"Mama, wewe nasikia mimi? Kubali tu. Watu nachoka kungoja."

"Nasikia, shemeji."

"Basi?"

"Basi nini? Mimi iko na Bwana mbili. Moja iko kaburini hapo nyuma ya nyumba. Moja ilifufuka. Wewe ya tatu nitaweka wapi?"

Mke wa baba mdogo, aliyekuwa akichambua mboga pembeni, alicheka mpaka akajificha ndani ya leso. Baba mdogo akaacha Kiswahili chake palepale. "Yie!" akasema. Kubali! Akaondoka.

Ningependa kukwambia kwamba alikuwa mwizi. Ningepumzika. Lakini mwizi angeitumia ile mashua. Angevua, angekula, na labda siku moja aibu ingemshika akatuletea mkia wa samaki wa ngege. Huyu hakuitaka. Aliiogopa. Aliamini kabisa kwamba ikiingia majini watoto wake watakufa mmoja mmoja. Nakueleza hivi si kwa kumtetea, ila nataka umwone alivyokuwa: mtu mzima mwenye nguvu zake, anayeangalia watoto wa kaka yake wakichimba mizizi ya magugu, na hatua mia moja kutoka hapo mashua nzima inapasuka juani.

Ilipasuka kweli. Nilipita pale kila siku nikienda kuchota maji, nami nilikuwa nikiupima ufa mmoja karibu na mkuku, ule uti wa chini. Mwanzoni uliingia ukucha. Baadaye ncha ya kidole. Kufikia kiangazi kidole changu chote kilizama humo, na nikajua kwamba kama hakuna atakayefanya kitu, mama angeshinda ubishi na kurudishiwa kuni.

Tulikuwa na mwalimu wa kanisa, mtu wa hapohapo, mvuvi kama wengine. Jumapili alituongoza. Alihubiri vizuri, sitamnyima hilo: msiogope mizimu, msiogope chira, aliye ndani yetu ni mkuu. Jumatatu nilimwona akienda kwenye mashua yake, na alipofika usawa wa mashua ya baba akazunguka mbali, akakanyaga miiba, ili kivuli chake kisiiguse. Mama alimwendea. Alimwomba aitoe tu, yeye mtu wa Mungu, awaonyeshe wengine.

"Mama," akamwambia, akiangalia vidole vyake vya miguu, "yie tu."

Amini tu. Na asubuhi ileile baba mdogo alikuwa amepita kumwambia yie, kubali. Siku moja, neno moja, wanaume wawili, na jioni tukala maji ya moto yenye chumvi.

Kisha surua ikapita kijijini. Watoto wengi waliugua wakapona. Mdogo wetu wa mwisho ilimkuta hana nyama mwilini. Tulimzika karibu na baba. Jamaa walisema, mnaona, ni chira, mama yenu amekuwa mkaidi. Mwalimu wa kanisa alisema Mungu ana makusudi yake, tuwe na imani. Nilikuwa nimesimama pale na jembe mkononi, na nakwambia kweli, sijui ni nani aliyenishika nisiwapige wote kwa jembe lile.

Tangu siku hiyo niliacha kanisa. Kuomba sikuacha, ila kama yale yalikuwa maombi sijui. Nilienda kati ya mafunjo nikamwambia Mungu: Wewe husemi kitu. Mtoto alikuwa anakuja kukutana nawe kanisani akipiga makofi, akikosea, akicheka, nawe umenyamaza. Usiniletee mtu wa kuniambia yie. Nilisema hivyo kwa sauti, ndege wakaruka.

Mama hakuacha. Kila Alhamisi mchana akina mama walikutana kuombeana, na kila Alhamisi alikwenda. Mimi nilimsindikiza kwa sababu alikuwa amedhoofika, lakini niliketi nje, mgongo ukutani, nikisuka mkeka wa mafunjo. Sikutaka hata kusikia. Wakianza kuimba nilihamia upande wa pili wa jengo.

Alhamisi moja mvua ilinyesha kwa namna ambayo mkeka ungeharibika, ikabidi niingie. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Mama alikuwa amepiga magoti mbele, kitambaa kimeteleza, analia. Alikuwa anasema jambo moja tu, tena na tena.

"Nyasaye, miya yie." Mungu, nipe yie.

Kiongozi wa akina mama alikuwa mke wa mwalimu wa kanisa, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kutosha soko zima. Akaweka mkono juu ya kichwa cha mama. "Ndiyo, Bwana! Mwongezee dada yetu imani. Imani yake ni haba, wewe unajua. Mwongezee!"

"Amina," wakasema wote.

Imani yake ni haba. Nilihisi masikio yananguruma. Lakini kabla sijafungua mdomo, mtu mwingine aliongea, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba mtu huyo hakujua Kijaluo vizuri.

Alikuwa mama wa Kisamia, kabila jirani, mnunuzi wa samaki. Alikuja kwetu kuchukua samaki wakavu wa kupeleka Kisumu, na kwa kuwa hakuwa na kanisa lake karibu, alikuwa ameanza kusali nasi, hiyo ikiwa Alhamisi yake ya tatu. Kijaluo chake chote alikiokota ufukweni, katikati ya nyavu na matenga.

"Ngoja kwanza," akasema kwa Kiswahili. "Mnisamehe. Huyu mama anaomba mashua, ama ni mimi sisikii?"

Wakaangua kicheko, katikati ya maombi.

"Mama, hapa ni kanisa," mmoja akamwambia. "Yie ya hapa ni imani."

"Huyu kila kitu kwake ni samaki," akasema mwingine. "Ukimwambia amina, atauliza ni mbichi ama ni kavu!"

"Sawa, nichekeni," akasema yule Msamia. "Mimi nimesikia mashua. Si yuko hapo? Muulizeni."

Mama aliinua uso. Alikuwa bado amepiga magoti, na kiganja cha kiongozi bado kiko kichwani kwake.

"Mashua," akasema, na safari hii alilitaja kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ninaomba mashua. Ile ya mume wangu. Tangu mwaka jana naomba mashua."

Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Mbona hukusema?" kiongozi akauliza.

"Nilisema. Kila Alhamisi nilisema."

"Na sisi tulipokuwa tunakuombea imani, wewe ulifikiri nini?"

"Nilifikiri mmekataa," akasema mama. "Nilifikiri ndiyo njia yenu ya adabu ya kukataa."

Hapo ndipo nilipoinuka. Maneno mengine niliyosema sitayaandika. Lakini haya nayaandika, kwa sababu bado nayasimamia: "Mnasema imani yake haba? Mwaka mzima anakuja kupiga magoti mbele ya watu anaodhani wamemkataa! Mwaka mzima! Nani kati yenu angerudi hata Alhamisi ya pili? Mmemzika mtoto wake, mkarudi hapa kumwombea kitu ambacho anacho kuliko ninyi wote, na hamkumuuliza!"

Mtoto wa miaka kumi na minane haongei hivyo mbele ya akina mama wa kanisa. Nilingoja kofi. Mke wa mwalimu alitoa mkono wake kichwani kwa mama, akauangalia kama umeungua. Kisha akaanza kuvua viatu.

"Inukeni," akasema. "Maombi hayajaisha. Tunakwenda kuyamalizia ufukweni."

Tulishuka kwenye mvua, akina mama kumi na kitu, leso zimelowa. Wavuvi waliokuwa wamejikinga kwenye vibanda walitoka kuangalia. Mtu alikimbia kumwita baba mdogo, naye akafika akihema.

"Msiiguse! Mkiigusa hiyo, watoto wangu watakufa!"

Mama alimkaribia. Nilidhani atampigia kelele, mimi ningempigia. "Shemeji," akasema, "watoto wako ni wangu. Juzi walipougua nani alikuwa anawaogesha uani kwangu? Wangu alikufa, wako wakapona, na nilifurahi walipopona. Kama kuna kifo ndani ya mbao hizi, acha kinishike mimi kwanza."

Akaweka viganja vyote viwili juu ya mashua. Akangoja ili wote waone. Kisha akina mama wakashika kando yake, wakahesabu, wakainua, na mashua ikageuka.

Chini yake alikuwemo kenge.

Alikuwa mkubwa, na alikuwa na hasira kama zangu. Alitoka mbio kuelekea majini, na wale mashujaa wote wa imani walitawanyika wakipiga mayowe, mke wa mwalimu mbele, akilitaja jina la Yesu kwa sauti iliyofika ng'ambo. Wavuvi walicheka mpaka wakashikana. Mama peke yake hakuondoka. Alikuwa anachungulia ule ufa wangu, akipitisha kidole.

Kuitengeneza kulichukua wiki mbili. Yule Msamia alileta lami kutoka Kisumu, akina mama wakaleta pamba ya mashambani mwao, tukaijaza nyufa, tukapaka lami juu. Mikono yetu ilinuka hivyo Jumapili mbili mfululizo. Wanaume wa ufukwe walipita pembeni wakitutania, "Fundi, hiyo ni mashua ama ni sufuria?" lakini hakuna aliyeshika hata brashi.

Ilibaki kupata watu wa kuipeleka. Msamia alimleta kaka yake na rafiki wa kaka yake, wavuvi wa upande wa kwao. Walikuwa na miiko yao, walituambia, lakini huu wa kwetu haukuwahusu. Asubuhi ya kuingiza mashua majini ufukwe ulijaa. Ikasukumwa, ikaelea, na papo hapo maji yakaanza kuingia, kidogo, pale ambapo pamba haikushika. Kaka wa Msamia akaangalia ndani, akaangalia watu.

"Inakwenda," akasema. "Lakini nataka mtu wa tatu, wa kuchota maji. Mimi na huyu tukiwa na makasia, nani atachota?"

Hakuna aliyesogea. Wavuvi ishirini walikuwa pale. Mwalimu wa kanisa alikuwa miongoni mwao, wavu wake begani, amesimama nyuma ya mtu mnene. Mke wake alimwona. Aliingia majini mpaka magotini, akachukua kopo la kuchotea maji, akamnyooshea mbele ya watu wote.

"Mwalimu," akasema. "Yie."

Nimekaa na neno hilo miaka mingi. Alimaanisha kubali? Alimaanisha amini? Au alikuwa anamwonyesha tu mashua? Niliwahi kumuuliza alipokuwa mzee, akacheka akasema hata yeye hajui.

Mwalimu alishusha wavu begani. Akapokea kopo. Aliingia. Akaketi chini kabisa, akafumba macho, akaanza kuchota maji. Alikuwa anachota hata kabla hawajaanza kupiga kasia. Mashua ya baba ikaondoka.

Sasa nikueleze kuhusu tumaini, kwa sababu najua ulikuwa unalingoja. Halikunijia na wimbo. Lilinijia nikiwa bado nina hasira na mtu yule, nikitazama mgongo wake ukipungua. Nilifikiri: huyu anaogopa kweli. Kila neno alilohubiri juu ya chira hajawahi kuliamini, na sasa amekaa ndani ya kile anachokiogopa. Kama Mungu anaweza kumwingiza mwoga yule kwenye mashua ile, basi hakuwa amenyamaza siku zote. Alikuwa anasema na watu wasiosikia. Nikalia, na nilipolia nikajikuta ninaomba, na Mungu niliyemwomba ni yuleyule niliyemfokea kwenye mafunjo. Hakuwa amekasirika. Ukitaka kumfokea, mfokee. Atakaa hapo mpaka umalize.

Walirudi na ngege, si wengi, wa kutosha. Wa kwanza mama alimpelekea baba mdogo. Hakula. Watoto wake walikula, naye aliketi mlangoni akiwaangalia, siku hiyo, na kesho yake, na miezi iliyofuata, akingoja waanze kufa. Walinenepa. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa tayari nafundisha Kisumu, nilikwenda nyumbani Jumapili moja nikamkuta benchi la nyuma kanisani, kofia magotini. Hakuniomba msamaha, wala hakumwomba mama. Mimi simdai upendo tena, lakini salamu yake niliitika.

Na hasira? Ipo. Mashua ilirudi na mama akazeeka akiwa na mlo. Mdogo wangu hakurudi. Kulikuwa na Alhamisi nyingi kati ya maombi ya kwanza ya mama na siku ya surua, na Alhamisi yoyote kati ya hizo ingetosha, kama mtu mmoja angefumbua macho akauliza. Walikuwa wema. Walikuwa wanaomba kwa machozi. Ndiyo maana nakasirika: ubaya ningeutarajia.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo. Mtu akikwambia, "Niombee," usifumbe macho kwanza. Mwangalie, umuulize, "Unataka nini hasa?" Kisha nyamaza mpaka ajibu.